Ufa Ukutani: Hofu ya Nafsi katika Repulsion na Simulizi za Menengai

Mtazamaji wa Nakuru anapoitazama filamu ya Repulsion (1965) huenda asishtuke sana pale ukuta unapopasuka. Amelelewa juu ya nyufa. Mwezi Machi 2018 ufa mpana uliikata barabara ya Mai Mahiu–Narok karibu na Suswa, na baadhi ya wanajiolojia wakaeleza kwamba mpasuko huo haukuzaliwa siku hiyo: ulikuwapo tangu zamani, umejaa majivu ya volkeno, na mvua kubwa ikayaosha. Maelezo hayo yanafaa kuwa mlango wa kuingilia katika filamu hii, kwani nayo inahusu ufa uliotangulia hadithi yenyewe.

Mwelekezi wake, Roman Polanski, Mpolandi, alikuwa akitengeneza filamu ya Kiingereza kwa mara ya kwanza. Kampuni ya Compton ya London, iliyozoea filamu za bei nafuu, ilitoa fedha kidogo. Sehemu kubwa ya kisa basi imefungiwa katika nyumba moja ya kupanga, kwa picha nyeusi na nyeupe. Uhaba huo umegeuzwa kuwa fani. Carol, msichana wa Kibelgiji anayetengeneza kucha za wateja katika saluni, anaachwa peke yake dada yake Helen anapokwenda Italia na hawara wake. Sungura aliyechunwa kwa ajili ya chakula cha jioni hapikwi, anaoza. Saa inagonga, simu inalia, kengele za watawa zinasikika dirishani. Kuta zinalainika kama udongo wa mfinyanzi na mikono inachomoza humo. Wanaume wawili wanauawa.

Katika uhakiki wa Kiswahili istilahi ya taharuki imezoeleka kumaanisha hamu ya kujua litakalofuata. Hapa haitoshi. Mtazamaji anajua mapema kwamba mabaya yanakuja. Asichojua ni kama anachokiona kinaonwa na mtu mwingine yeyote ndani ya hadithi. Kamera imeingizwa katika kiwewe cha mhusika na mlango ukafungwa. (DJ Afro mwenyewe, kwa ufasaha wake wote wa kutafsiri filamu, angepata taabu hapa: maneno ni machache mno, na kuujaza ukimya huo ni kuiua filamu.)

Simulizi za Menengai zinasaidia kuipima hofu hii. Wakikuyu waliuita mlima huo mlima wa ngoma, na Mswahili asidhani ni ngoma za kuchezwa. Kwa Kikuyu neno hilo ni mizimu. Masimulizi ya Wamaasai yanakumbuka vita vya karne ya 19, wapiganaji wa Ilaikipiak walipotupwa shimoni, na mvuke unaofuka huko husemwa kuwa roho zao zikitafuta njia ya kwenda juu. Husimuliwa pia juu ya watu walioteremka wakapotea kwa saa nyingi mahali wanapopafahamu vyema. Je, kilichopotea ni njia au ni akili? Simulizi haijali. Muhimu ni kwamba anayerudi ana jina la kuyapa yaliyompata, na jamii inalielewa jina hilo. Atapokewa, ataulizwa, pengine ataombewa.

Carol hana jina kama hilo. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali hiyo hukisia kwamba ufa unaonekana na wote. Mapema katika filamu Carol anautazama ufa wa jikoni na kusema unahitaji kuzibwa, anayesikia hasikii. Hawara wa Helen anatambua kwamba msichana huyu si mzima, naye Helen anaona hilo ni kero. Hofu kubwa ya filamu iko katika mazungumzo hayo madogo kuliko katika wembe.

Mwishoni kamera inaisogelea picha ya familia: wengine wametulia, na mtoto mmoja anatazama kando kwa macho makali. Wahakiki wengi wameona humo dalili ya dhuluma ya utotoni. Filamu haitamki. Usomaji huo umekuwa mgumu zaidi tangu 1977, Polanski alipokiri mahakamani Marekani kosa la kufanya ngono na msichana wa umri mdogo, kabla ya kutoroka nchi hiyo mwaka 1978. Hata hivyo picha imekuwamo katika nyumba ile tangu mwanzo wa kisa.