Utitiri wa Nyuki

Bila shaka umewahi kuona utitiri katika banda la kuku. Nyuki nao wana utitiri wao. Kiumbe huyu ana miguu minane, kwa hiyo yu katika jamii moja na kupe na buibui. Mwili wake ni bapa, wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, na upana wake ni kama milimita 1½. Hapo zamani aliishi kwa nyuki wa Asia tu. Mwaka 2009 wataalamu walimwona katika mizinga ya Kenya na Tanzania.

Utitiri jike huingia katika kitundu cha sega chenye jana kabla nyuki hawajakiziba kwa nta. Humo hutaga mayai, na yeye na watoto wake hula mwili wa jana. Pia hueneza virusi vinavyoharibu mabawa.

Dalili zake

1. Utitiri huonekana juu ya miili ya nyuki, hasa madume wachanga.
2. Nyuki wenye mabawa yaliyokunjamana hutambaa mbele ya mlango wa mzinga, wala hawawezi kuruka.
3. Sega la majana huwa na mapengo mengi, na vifuniko vingine hutobolewa.
4. Nyuki hupungua mzingani.

Dalili ya tatu na ya nne zaweza kuletwa na maradhi mengine pia. Kwa hiyo mfuga nyuki hodari hupima kwanza.

Kupima

Mfuga nyuki hutia nyuki 300 katika chupa yenye kifuniko cha wavu, bila malkia. Huwanyunyizia sukari iliyosagwa laini, kisha huigeuzageuza chupa polepole. Baadaye huitikisa juu ya karatasi nyeupe. Utitiri huanguka pamoja na sukari, naye huwahesabu. Nyuki hurudishwa mzingani wakiwa hai.

Nyuki wetu wa Afrika hujisafisha na kuwaondoa utitiri wengi. Hata hivyo, mzinga dhaifu waweza kufa, na mwenyewe akakosa asali na nta.

Angalia: Usifungue mzinga peke yako. Nenda pamoja na mfuga nyuki.

Maswali

1. Kwa nini utitiri hahesabiwi pamoja na wadudu wenye miguu sita?
2. Kwa nini dalili moja tu haitoshi?
3. Nyuki 300 walipatikana na utitiri 12. Je, ni utitiri wangapi kwa kila nyuki 100?