Elimu kwa Wananchi: Namna ya Kuunga Mnyororo wa Baiskeli Uliokatika Njiani

Katika vijiji vingi, baiskeli ndiyo humfikisha mwanafunzi shuleni, maziwa kwenye kituo cha kukusanyia na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye kaya za mbali. Mnyororo ukikatika katikati ya safari, shughuli hizo husimama, na mwenye baiskeli hulazimika kuikokota pamoja na mzigo hadi kwa fundi. Makala hii inaeleza vifaa vichache vinavyoenea katika mfuko mdogo chini ya tandiko, na namna ya kuvitumia.

Muundo wa mnyororo

Mnyororo una pingili za aina mbili zinazopokezana: pingili ya nje na pingili ya ndani. Pingili hizo huunganishwa kwa pini, na umbali kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Pingili ya nje huweza kuungana na ya ndani tu. Anayelielewa jambo hili hatakosea wakati wa kuunga.

Vifaa vya kubeba

Cha kwanza ni kitoa pini, kifaa kidogo cha chuma chenye kitako cha kulaza mnyororo na skrubu ya kusukuma pini. Cha pili ni kiungio cha akiba, yaani pingili ya nje inayofunguka, yenye pini mbili, bamba la kufunikia na kibanio. Cha tatu ni spana inayoingia kwenye nati za gurudumu la nyuma. Ongeza koleo dogo na kitambaa. Kiungio kilingane na mnyororo wako, kwa sababu mnyororo wa baiskeli ya gia moja kwa kawaida ni mpana kuliko wa baiskeli ya gia nyingi.

Hatua za kufuata

1. Ondoka barabarani, shusha mzigo, kisha pindua baiskeli isimame juu ya tandiko na usukani.

2. Tafuta pingili iliyoharibika. Ikiwa ni ya nje na unacho kiungio, laza mnyororo kwenye kitoa pini, hakikisha ncha ya skrubu imekaa katikati ya pini, kisha zungusha polepole hadi pini itoke. Toa pini zote mbili za pingili hiyo.

3. Pitisha mnyororo kwenye meno ya mbele na ya nyuma, ingiza kiungio, weka bamba, kisha funga kibanio kwa koleo. Upande wa kibanio uliozibika uelekee mnyororo unakokwenda. Kikigeuzwa, kinaweza kugota na kuchomoka.

4. Ikiwa huna kiungio, ondoa pingili mbili zinazofuatana, ile mbovu na moja ya jirani, ili ncha moja ibaki ya nje na nyingine ya ndani. Kwenye ncha ya nje, usiitoe pini yote: isukume mpaka pingili ya ndani iachie, huku pini ikiwa bado imeshikwa na bamba la mbali. Ikidondoka, kuirudisha ni kazi ngumu mno. Unganisha ncha hizo, kisha isukume pini irudi mahali pake.

5. Pingili uliyounga ikiwa ngumu, ikunje taratibu kwa mikono kulia na kushoto mpaka ilegee.

6. Mnyororo uliopunguzwa pingili mbili umekuwa mfupi kwa inchi moja. Kwa baiskeli ya gia moja, legeza nati za gurudumu la nyuma, lisogeze mbele takriban nusu inchi, linyooshe, kisha kaza nati. Mnyororo ubaki na ulegevu wa takriban sentimita moja katikati. Kagua breki kabla ya kupanda.

Wakati wote, usizungushe pedeli vidole vikiwa karibu na mnyororo.

Kinga

Mnyororo uliounganishwa njiani ni wa kukufikisha kwa fundi. Usiubebeshe mzigo mzito kabla haujakaguliwa. Safari ikiisha, upime kwa futi ya seremala. Ukiwa mpya, pingili 24 hufikia inchi 12 kamili, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Zikizidi hapo kwa milimita 1.5, andaa mnyororo mwingine. Zikizidi kwa milimita 3, huenda hata meno ya gia yamekwisha kulika. Futa vumbi na matope kabla ya kutia oili, kwani oili juu ya mchanga huharakisha ulaji wa chuma.

Wananchi wanaosafiri pamoja, wakiwamo wanafunzi, wauza maziwa na wahudumu wa afya, wanashauriwa kuchangia seti moja ya vifaa hivi na kufanya mazoezi kwa kipande cha mnyororo chakavu wakiwa nyumbani. Mkono uliozoea kazi hiyo hautahangaika siku mnyororo utakapokatika porini.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini