Kuitambua Aulacoseira kwa Hadubini

Watafiti waliochunguza maji ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1960 walikuta diatomu ya Aulacoseira kwa wingi, wakati huo ikiitwa Melosira. Baadaye mbolea na maji taka viliongeza fosforasi ziwani, diatomu zikastawi na kuitumia silika hadi ikapungua. Diatomu nyembamba za Nitzschia na sianobakteria zikashika nafasi ya Aulacoseira. Ndiyo maana anayepima maji ya ziwa anapaswa kuijua Aulacoseira asiichanganye na nyingine.

Seli zake ni mitungi iliyoungana ncha kwa ncha ikafanya uzi. Ukuta wa ubavuni ni mrefu, hivyo seli hulala ubavu kwenye slaidi na utaona mistatili. Usipoteze muda kutafuta duara.

Seli ikiwa hai, kloroplasti za kahawia huficha ukuta. Safisha sampuli kwa haidrojeni peroksaidi, ukivaa glavu na miwani ya kinga, kisha itazame kwa lenzi ya mara 100 yenye mafuta. Utaona vitundu vilivyojipanga safu safu, wima au mshazari. Hapo ndipo inapoachana na diatomu nyingine, Melosira varians, ambayo ukuta wake huonekana laini kwa hadubini ya kawaida.

Tazama pia maungio. Miiba midogo ya ganda la seli moja hushikana na ya seli jirani, na mara nyingi uzi haukatiki hata baada ya kusafishwa. Kwa Aulacoseira granulata, seli ya mwisho ina miiba mirefu, na safu zake za vitundu huwa wima huku za katikati zikienda mshazari. Wanaoanza huihesabu seli hiyo kama spishi ya pili, kumbe ni ileile.

Ganda lake ni zito. Maji yakitulia, Aulacoseira huzama, na upepo wa kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, unapoyakoroga hurudi juu. Kuikosa kwenye maji ya juu mwezi Februari hakuthibitishi kwamba imetoweka. Chota tena msimu wa kusi, na kwa vina mbalimbali.

Katika daftari andika tarehe, kina, upana wa seli, idadi ya vitundu katika mikromita 10, mwelekeo wa safu na urefu wa miiba. Piga picha ya ubavu, kipimo kikionekana.