Muovu hawezi kuumba



Katika saa ya maswali, mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano aliuliza hivi: «Kama mabaya iko na nguvu namna hii, watu wanakufa, vijiji vinachomwa, juu ya nini tusiseme kuko miungu wawili, mmoja mwema na mmoja mubaya, wenye nguvu sawa?» Wengine walicheka. Lakini swali lile ni la kweli, na wengi wetu tunajua nyumba iliyochomwa. Tumeona vema kulijibu kwa njia ya hadithi moja, kwa sababu mtunzi wake naye aliona vita kwa macho yake.

I. MTUNZI

J.R.R. Tolkien alizaliwa mwaka wa 1892 kule Bloemfontein, katika nchi inayoitwa leo Afrika ya Kusini, akakomalia Uingereza. Alikuwa Mkatoliki, na kiisha akawa mwalimu wa lugha katika chuo kikuu cha Oxford. Mwaka wa 1916 alikuwa ofisa wa kupeleka habari katika vita vya Somme, kule Ufaransa. Ugonjwa wa homa ukamrudisha kwao. Kufika 1918, rafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote, ila mmoja tu. Katika miaka ile ya vita na ugonjwa alianza kuandika hadithi za ulimwengu aliotunga mwenyewe. Alizitengeneza mpaka kufa kwake mwaka wa 1973, na mtoto wake Christopher akazitoa katika kitabu The Silmarillion mwaka wa 1977.

II. WIMBO ULIOHARIBIKA

Katika hadithi hiyo kuko Mungu mmoja tu, anayeitwa Ilúvatar. Kabla ya ulimwengu aliumba roho nyingi, akazifundisha kuimba, na wimbo wao ukawa mwanzo wa vitu vyote. Kiisha wanadamu waliziita zile kubwa «miungu», lakini zote ziliumbwa.

Melkor alipewa zawadi kupita wenzake. Akatamani kuumba vitu vyake mwenyewe, akaenda peke yake mahali patupu kutafuta moto wa uzima. Hakuupata, sababu moto ule uko kwa Ilúvatar. Basi akaanza kuingiza mawazo yake katika wimbo, kusudi sehemu yake iwe kubwa. Ninyi wa kwaya mnajua jambo hili: sauti moja ikitaka kusikika kupita zote, wa karibu wanapoteza wimbo, wengine wananyamaza, wengine wanamfuata yeye. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini Ilúvatar hakuvunja kwaya. Alianzisha wimbo mwingine, na makelele ya Melkor hayakuweza kuuzima.

III. NAMNA MBILI ZA KUTAKA KUUMBA

Kulikuwa roho mwingine, jina lake Aulë, fundi wa chuma na mawe. Yeye pia alitaka kuumba, akafanya watu wafupi wenye nguvu, kwa siri. Ilúvatar akamwuliza juu ya nini alifanya hivyo. Aulë hakujitetea sana. Aliona haya, akatoa kazi yake kwa Ilúvatar, na akainua nyundo akilia ili aivunje. Ndipo Ilúvatar alipomzuia, sababu alikuwa amekwisha kuwapa watu wale uzima wao wenyewe.

Melkor hakutoa kitu. Kwa hiyo hakupata kitu. Hata askari wake wabaya, wanaoitwa Orc, kitabu kinaeleza kwamba hakuwaumba: aliwakamata watu wa kwanza wa Ilúvatar, akawatesa gizani mpaka wakageuka. Hapo ndipo jibu la swali letu linapoanza. Muovu anapashwa kukuta kwanza kitu chema, ndipo apate cha kuharibu. Anayechoma shule hawezi kuitwa sawa na aliyeijenga.

IV. MWISHO WA UHARIBIFU

Melkor, ambaye sasa aliitwa Morgoth, yaani Adui Mweusi, aliua Miti Miwili iliyoangaza nchi ya wenzake. Alieneza nguvu zake katika vitu vyote apate kuvitawala, na kwa kufanya hivyo yeye mwenyewe akapunguka. Katika wakuu wote wa roho, yeye peke yake alijua woga. Mfalme Fingolfin alipomwita nje wapigane, alimtia vidonda saba kabla ya kufa, na Morgoth akachechemea tangu siku ile.

Katika maandiko mengine yaliyotolewa mwaka wa 1993, Tolkien alieleza kwamba Morgoth angeharibu hata askari wake mwenyewe baada ya kuwatumia. Angevunja vyote mpaka kubaki vumbi tu. Na hata hapo angeshindwa, sababu vumbi lile lingekuwako bado, na si yeye aliyeliumba. Huo ndio wazimu wake: kuchukia kitu kwa sababu tu kiko.

V. MACHO YA MORGOTH

Wazimu ule unaambukiza. Morgoth alimkamata mtu shujaa, Húrin, akamweka juu ya kiti mlimani miaka 28, atazame mateso ya watoto wake kwa macho ya Morgoth. Alionyeshwa mambo yaliyotokea kweli, lakini yamepindishwa. Alipofunguliwa, Húrin alimtukana mfalme aliyekuwa amewalinda mke wake na watoto wake. Hakupigwa. Melian, mke wa mfalme, alimweleza kwa upole kwamba alikuwa bado anaona kwa macho ya adui. Húrin akanyamaza, akamtazama, akaona kweli.

Ndugu, sisi pia tunakaa juu ya kiti kile mara mingi. Mtu anatuletea neno nusu katika internati, «fulani amekusema», na kabla ya usiku kuko ngumi. Au tunahesabu maovu ya nchi yetu tu, mpaka tunasema Mungu ameshindwa. Tusikatae kwamba mabaya iko. Nyumba ilichomwa kweli. Lakini tuulize: ni macho ya nani tunayotumia? Na mwenzetu akiwa kama Húrin, tumjibu kama Melian.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Aulë na Melkor wote wawili walitaka kuumba. Tofauti yao ni nini?
2. Juu ya nini anayeharibu vyote hawezi kuwa mshindi?
3. Soma Mwanzo 1 na Yohana 1. Je, kuko kitu kilichoumbwa na muovu?
4. Ni neno gani la nusu uliloamini mwaka huu? Nenda ukamwulize mwenyewe.