Jina la Askofu na Mahame Yetu: Mafunzo Niliyopata

Nyumbani Chiungutwa, wilayani Masasi kusini mwa Tanzania, jina la Huddleston nililisikia kwa bibi kabla sijaliona limeandikwa. Trevor Huddleston, aliyepigana na ubaguzi wa rangi kule Sophiatown, Afrika Kusini, alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Bibi alilitamka kwa heshima kiasi kwamba nilidhani ni cheo cha kanisani. Ukubwani nikalichimbua.

1. Jina la mtu huweza kuwa jina la shamba.
Huddleston ni mahali Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, karibu na Sherburn-in-Elmet. Ile "ton" ya mwisho, katika Kiingereza cha kale, ilikuwa eneo lililozungushiwa ua, shamba, hatimaye kijiji. Sehemu ya mbele inatokana na jina la mtu, Hudel. Kwa ulimi wetu tungesema "kwa Hudel". Aliyehama pale aliitwa kwa alikotoka, wajukuu wakarithi.

2. Nasi tulifanya hivyo hivyo.
Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyetembea huku mwaka 1906, alifikia kwa chifu Matola kule Chingulungulu, na kwa chifu Nakaam kule Chiwata. Mwenyeji ndiye aliyekuwa anwani.

3. Ukoo haupiti njia moja.
Jina la Huddleston hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Upande wa mama yangu ni Wamakua, na kwao mtoto huchukua nihimo, yaani ukoo, ya mama yake. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la baba na la babu, nihimo hakina. Anayesoma cheti kile hawezi kujua wajomba zangu ni akina nani, nani angenisimamia kwenye jando wala nani nisingeruhusiwa kumwoa. Hayo yote nilielezwa na bibi, tukipukuchua mahindi.

4. Jina huishi kuliko kijiji.
Mawe ya machimbo ya Huddleston yalitumika kujenga kanisa kuu la York, lakini leo mahali penyewe ni mashamba na jumba la kale la mawe. Jina limebaki kwa sababu liliandikwa. Kwetu, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu mashambani ikawakusanya vijijini. Mahame yakabaki na miembe na mikorosho. Bibi alipita nami humo akitaja mwembe baada ya mwembe: hapa kwa fulani, pale kwa fulani, huyu alitokea ng'ambo ya Ruvuma. Nilikuwa na daftari la shule mkononi, sikuandika hata jina moja. Amefariki, na mengi ya majina yale sasa hakuna anayeyajua pale kijijini.

Ndugu msomaji, kama una mzee aliye hai, nenda naye mahameni mwaka huu. Chukua kalamu. Andika jina la mahali, la mwenye mji, na la nihimo yake.