Tundu la moyo huzibwa bila kupasua kifua

Je, mtoto wako hutoka jasho jingi anaponyonya, hupumua kwa kasi, haongezi uzani na kila mara ana nimonia? Usiridhike na dawa ya kikohozi. Mwombe daktari ausikilize moyo wake, kwani huenda una tundu.

Mtoto huzaliwa na tundu hilo katika ukuta unaotenga upande wa kulia wa moyo na wa kushoto. Damu iliyokwisha kupata hewa safi hurudi tena mapafuni badala ya kwenda mwilini. Matundu madogo mara nyingi huziba yenyewe. Makubwa hayazibi.

Zamani dawa ilikuwa kupasua kifua na kusimamisha moyo kwa muda. Siku hizi matundu kadhaa, hasa yaliyo baina ya vyumba viwili vya juu, huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni. Ndani ya mrija mna kifuniko cha nyaya laini kilichokunjwa. Daktari hukisukuma huku akitazama picha kwenye skrini, nacho hufunguka kama visahani viwili, kimoja kila upande wa ukuta. Wengi hurudi nyumbani siku ya pili. (Mrija wenyewe si jambo geni: mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijipitishia mmoja mkononi hadi moyoni mwake.)

Vyumba vya kazi hii vipo Nairobi, kwa mfano Hospitali ya Karen, iliyoanzishwa na madaktari wa moyo Dan na Betty Gikonyo, na Aga Khan mtaani Parklands. Lakini usiende ukidai mrija. Kifuniko huhitaji kingo imara za kushikilia. Zisipokuwepo, upasuaji ndio salama zaidi. Kipimo cha eko, ambacho hakina uchungu, ndicho huamua.

Kinachonitia wasiwasi ni kuchelewa. Tundu kubwa likiachwa miaka mingi, mishipa ya mapafu hukakamaa, midomo huanza kuwa ya samawati, na hapo kuziba tundu kwaweza kumdhuru mgonjwa badala ya kumponya.

Baada ya matibabu, mgonjwa hupewa aspirini kwa takriban miezi sita, ngozi ya moyo ikiendelea kukifunika kifuniko. Katika muda huo, kabla ya kung'olewa jino, mwambie daktari wa meno.