SOMO: MIKONO INAYOFUNDISHA MIKONO

Labda umesikia watu wakisema sokoni kwamba siku hizi roboti inapasua wagonjwa. Wengine wanaogopa. Wengine wanasema, "Basi, kazi ya waganga imekwisha." Tujifunze jambo hili vizuri, maana linahusu miili yetu na ya watoto wetu.

1. Roboti hii ni nini?

Haipasui mtu yenyewe. Mganga anakaa kwenye kiti, kando kidogo ya kitanda cha mgonjwa, anatazama ndani ya mwili kwa kamera, na kushika vishikio. Anapogeuza mikono yake, vyombo vidogo vilivyomo mwilini vinageuka vilevile. Vyombo hivyo hupita katika matundu madogo, na kidonda kidogo mara nyingi hupona upesi. Lakini mganga asiyefundishwa hawezi kuokolewa na mashine.

2. Ujuzi huu hupitaje?

Mwaka 1997, katika mji wa Dendermonde, Ubelgiji, waganga Jacques Himpens na Guy-Bernard Cadière walitoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa kwa msaada wa roboti. Walikuwa kati ya watu wa kwanza duniani kufanya hivyo. Baadaye Cadière huyo alikuja Kongo, kwenye hospitali ya Panzi, Bukavu, kufanya kazi pamoja na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Huko walipasua kwa matundu madogo, kwa kamera na vyombo virefu vya kushikwa mkononi, na waganga wa Panzi wakafundishwa. Tena mwaka 2023 chuo cha upasuaji wa namna hii, IRCAD Africa, kilifunguliwa Kigali, Rwanda.

3. Kwa nini mwalimu asaidiwe?

Kujua kupasua ni jambo moja. Kujua kufundisha ni jambo lingine. Katika upasuaji wa zamani mwalimu husimama karibu na mwanafunzi. Akiona kosa linakuja, humshika mkono. Kwenye roboti mwanafunzi amekaa peke yake, na mwalimu hana mkono wa kushika. Lazima aongoze kwa maneno mafupi yaliyo wazi, na ajue saa ya kusema, "Acha!" Mashine nyingine zina viti viwili, ili mwalimu aweze kuchukua kazi mara moja, lakini bei yake ni kubwa mno.

Basi mwalimu anahitaji:
(a) Saa za kufundisha, asiharakishwe na mstari wa wagonjwa.
(b) Mashine ya mazoezi, ili mwanafunzi ajizoeze kabla ya kugusa mtu.
(c) Kufundishwa yeye mwenyewe namna ya kufundisha, na mwenzake wa kumtazama na kumshauri.
(d) Umeme usiokatika, na fundi wa kutengeneza vyombo.

4. Wewe ufanye nini?

Hapa Lubumbashi Chuo Kikuu chetu kinafundisha waganga. Ukilazwa, ukaona vijana wenye kanzu nyeupe wakimfuata mwalimu wao, usikasirike. Uliza kwa upole: "Nani atanipasua? Mwalimu atakuwamo chumbani mpaka mwisho?" Ni haki yako kujibiwa, na ni haki yako kukubali au kukataa. Nawe uliye katika kamati ya hospitali, unapopanga kazi na mishahara, hesabu saa za kufundisha kuwa kazi kamili.

Mwalimu mmoja akichoka na kuondoka, waganga wote ambao angaliwafundisha wameondoka pamoja naye. Usiku ule mtoto wako atakaposhikwa na tumbo, mmoja wao ndiye ungalimhitaji.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Katika upasuaji wa roboti, nani anayepasua?
2. Kwa nini kufundisha kwa roboti ni kugumu kuliko kwa mkono?
3. Utamwuliza nini mganga kabla ya kupasuliwa?